Miaka Yangu ya Kutengeneza Ngao Sundbyberg

Vijana wa kwaya yetu ya Bredäng, mlipotuomba sisi wazee kila mmoja aandike juu ya kazi aliyoifanya hapa Stockholm, nilijua wenzangu wataandika nini. Mmoja atawaeleza habari za wagonjwa aliowageuza vitandani, mwingine mabasi aliyoyaendesha kwenye barafu, mwingine sakafu za ofisi alizozisafisha kabla wenye ofisi hawajaamka. Zote ni kazi za heshima. Mimi nilitengeneza ngao. Ngao za askari wa miguu wa Ugiriki ya kale, za mbao na shaba na ngozi, kama zile mnazoziona kwenye vitabu vyenu vya historia. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Mkicheka si vibaya, wiki ya kwanza nilicheka mwenyewe.

Nyumbani Uvira nilikuwa seremala. Nilitengeneza vitanda, milango, madawati ya shule, na vita vilipotukaribia nikatengeneza majeneza mpaka nikachukia harufu ya mbao mbichi. Tulipofika huku na mke wangu na binti yetu Neema, niliketi darasani nikajifunza Kiswidi kama mtoto, halafu nikapelekwa kwa majaribio kwenye karakana moja ya Sundbyberg, nyuma ya majengo ya ofisi. Pale walikuwa wanatengeneza nakala za vitu vya kale kwa ajili ya makumbusho, majumba ya maigizo na shule.

Aliyeongoza karakana ni mama mmoja anayeitwa Gunvor. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, na sijaona mtu anayekereza mbao vizuri kumshinda. Hakuniuliza vyeti. Alinipa ubao na randa, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi hakuutazama ubao hata kidogo. Aliokota takataka ya randa sakafuni, utepe mwembamba wa mbao, akaiinua mbele ya dirisha, akaona mwanga unapita. Akaniambia nije kesho saa moja asubuhi. Nilipomwita Mama Gunvor, alinijibu kwamba hana mtoto hata mmoja. Ilinichukua miezi kuweza kumwita kwa jina tupu, na hadi leo naona kama namkosea adabu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la mshiko. Makumbusho moja ya mjini iliagiza ngao sita za watoto wa shule kujaribu kuvaa. Gunvor alinichorea sura ya mbele: duara, limebonyea kwa ndani kama bakuli, lina ukingo mpana. Sura ya nyuma hakunichorea, kwa sababu simu iliita akaenda kupokea, na mimi sikumuuliza. Kwa akili yangu ngao ilishikwa kama mfuniko wa sufuria, kishikio kimoja katikati. Nikachonga vishikio sita vya mti mgumu, nikavisugua hadi vikang'aa, nikavikaza. Nilijiona fundi kwelikweli.

Gunvor alizitazama zote sita. Akanipa moja, akaniambia niishike mbele yangu kwa mkono wa kushoto wakati yeye anakunywa kahawa yake. Ngao ile ina uzito karibu wa mtoto wa miezi mitatu. Kikombe hakijafika nusu, kifundo cha mkono wangu kikaanza kutetemeka, na ukingo wa juu ukawa unalala mbele taratibu, kama mtu anayesinzia ibadani. Alipomaliza kahawa, ngao ilikuwa sakafuni na mimi nimekaa juu ya boksi najikanda mkono.

"Na vita bado havijaanza," akaniambia.

Nitawaeleza kama alivyonieleza siku ile. Zamani sana, kabla ya hizi ngao za duara, askari wa nchi zile walikuwa na ngao ndefu kama milango, zikining'inia begani kwa mkanda. Baadaye zikaja ndogo zaidi, nyingine za ngozi na fito, zenye kishikio kimoja katikati, kile kile nilichokitengeneza mimi. Zile zilifaa, kwa sababu zilikuwa nyepesi na mtu alirukaruka nazo peke yake. Halafu, karne saba au nane kabla ya Kristo, mtu fulani ambaye hakuna anayejua jina lake aliacha kushika ngao kwa kiganja. Aliweka pete pana ya shaba katikati ya ngao kwa ndani. Mkono unapita humo hadi karibu na kiwiko. Kule ukingoni akaweka kamba, na kiganja kinashika kamba hiyo tu. Uzito sasa unabebwa na kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, na ule ukingo mpana unapumzika juu ya bega. Kiganja kinabaki na kazi ya kuongoza.

Lakini kuna jambo lilibadilika pamoja na hilo. Kwa kuwa kiwiko kiko katikati ya ngao, nusu yake ya kushoto inatokeza nje ya mwili wako. Ukiwa peke yako, nusu hiyo haikusaidii kitu. Ukisimama kwenye mstari, inamfunika aliye kushoto kwako, ubavu wake wa kulia, na wewe unafunikwa na aliye kulia kwako. Nilimuuliza Gunvor kipi kilitangulia, mshiko au mstari. Alisema wataalamu wanabishana juu ya hilo mpaka leo, na yeye amekwisha kuzeeka akiwasubiri.

Nilivibandua vishikio vyote sita. Gundi nilikuwa nimeipaka kwa moyo wote, kwa hiyo kuvitoa kulichukua muda mrefu kuliko kuviweka.

Hapa niwaibie siri moja ya kazi. Pete ya mkono haipimwi kwa macho. Mvaaji akunje mkono, akaze ngumi, upime kutoka ncha ya kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole. Pete ikae chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo nyama ya kigasha ni nene. Ikisogea kuelekea kifundo cha mkono, utarudia kosa langu la mfuniko wa sufuria. Ikipwaya, itakuchubua. Ikibana, hutaweza kuuchomoa mkono ukitaka kuitupa ngao ukimbie, na Gunvor alisisitiza kwamba walikimbia, tena sana, na kwamba kitu cha kwanza kutupwa kilikuwa ngao. Ndani ya pete weka ngozi laini, mshono uangalie nje. Mshono ukiangalia ndani, mvaaji atakukumbuka kwa ubaya.

Na mbao iwe nyepesi. Wagiriki walitumia mierebi na jamaa zake. Huku sisi tulitumia mti ambao Waswidi wanauita asp, mnaujua, ule ambao majani yake yanatetemeka hata pasipo upepo. Sasa, ngao yenyewe kwa Kigiriki inaitwa aspis. Gunvor alikuwa akitaja asp na aspis katika sentensi moja, na mimi kwa mwaka mzima niliamini Wagiriki walikuja kukata miti Uswidi wakaipa ngao jina la mti huo. Nililieleza hivyo kundi la walimu waliotembelea karakana, kwa Kiswidi changu kizuri kabisa, na waliandika kwenye madaftari yao. Gunvor alikuwa amesimama nyuma yao. Hakunikatiza. Walipoondoka alicheka hadi akavua miwani, kisha akawaandikia barua kusahihisha.

Wakati ule tulichonga bakuli la ngao kwa mkono. Tulibandika mbao, tukaizungusha kwenye kerezo kubwa, tukamalizia kwa patasi ya mviringo na kipande cha kioo. Baadaye ikaja mashine inayoongozwa na kompyuta. Ngao ya siku tano ikatoka kwa asubuhi moja. Nilinuna wiki mbili. Gunvor aliyekuwa mzee kuliko mimi ndiye aliyejifunza mashine ile kwanza, na aliniambia tu kwamba mashine haina mkono wa kushoto, kwa hiyo nyuma ya ngao bado ni kazi yetu. Alikuwa sahihi. Sura ya mbele iliweza kutoka popote. Mshiko ulitoka kwetu.

Mke wangu, Mama Neema, hakuipenda kazi hii. Hakuwahi kunigombeza, lakini jioni moja tukiwa mezani aliuliza kama kweli tulikimbia vita kwa miguu ili mimi niamke kila siku kwenda kuvitengeneza upya. Nilimwambia ni za watoto wa shule. Akasema hata silaha alizoziona kule zilikuwa mikononi mwa watoto wa umri wa shule. Tangu siku hiyo hatukulizungumzia tena, na kwa miaka mingi hakutia mguu Sundbyberg.

Sasa niwaambie lililonipata. Makumbusho ile ile iliagiza kazi kubwa: ngao nne zitakazokaa ukutani kwa mpangilio, kila moja na mshiko wake, ili mgeni aone jinsi mkono ulivyohama. Gunvor alikuwa anastaafu mwaka ule. Ilikuwa inajulikana kwamba kazi ile ikienda vizuri, karakana itakuwa chini yangu. Ikishindikana, wenye karakana walikuwa wamekwisha kusema wangebaki na mashine tu, na kazi ya mkono ingefungwa.

Nilikuwa nimemaliza ngao mbili, ile ndefu ya mkanda wa begani na ile ya pete na kamba. Asubuhi moja nilikuwa nakata ukingo wa ya tatu kwenye msumeno wa mashine, na kipande kilikuwa kidogo. Kuna kijiti cha kusukumia vipande vidogo, kinaning'inia pembeni ya mashine kwa ajili hiyo. Niliwafundisha watu wengi kukitumia. Siku hiyo nilisukuma kwa mkono kwa sababu nilikuwa na haraka. Hakuna sababu nyingine, na wala sitafuti nyingine. Msumeno ulikata kano za vidole vitatu vya mkono wangu wa kushoto. Gunvor ndiye aliyeufunga mkono kwa kanzu yake ya kazi na kukaa nami hadi gari la wagonjwa lilipofika. Alikuwa ananisemesha mambo ya kawaida kabisa, gundi imekauka au haijakauka.

Madaktari waliniunga vizuri, siwezi kulalamika. Lakini miezi ilipita na vidole vilikunja nusu tu, bila nguvu. Sikuweza kushika kikombe. Randa inashikwa kwa mikono miwili: wa kulia unasukuma, wa kushoto unakandamiza na kuongoza mbele. Seremala asiyeweza kushika kirungu cha mbele cha randa anaweza kupiga rangi, basi. Nilikaa nyumbani Bredäng, nikitazama reli kutoka dirishani. Mama Neema alinifunga vifungo vya shati, na hilo liliniumiza kuliko mkono.

Mara mbili kwa wiki nilikwenda hospitali ya Flemingsberg kwa mtaalamu wa kurudisha mikono kazini, yule Waswidi wanamwita arbetsterapeut. Nilimkuta dada mmoja amevaa mtandio wa bluu, Zuhura, amezaliwa huku huku na wazazi wa Tanga. Siku ya kwanza aliposoma jina langu aliniambia shikamoo. Sisi Wakongo hatuna zoea la neno hilo, nikamjibu jambo. Alicheka, akanifundisha kuitikia marahaba, na tangu hapo kila miadi ilianza kwa somo hilo. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, akikwama anaruka Kiswidi kisha anarudi. Alikuwa na subira, lakini mazoezi yake ya kufinya udongo laini yaliniudhi. Siku moja niliusukuma ule udongo pembeni. Nikamwambia mimi si mtoto, mimi ni fundi, na ufundi umekwisha.

Aliniuliza kazini nilikuwa nashika nini hasa. Nikamweleza habari za ngao. Alidhani hakusikia vizuri, nikarudia kwa Kiswidi. Akasema miadi ijayo nije nayo moja, anataka kuiona.

Gunvor aliileta hadi mlangoni kwetu, ile ngao ya pili ya seti, ya pete na kamba. Lakini kwa mkono mmoja sikuweza kuibeba pamoja na mfuko wangu, kwa hiyo ilibidi Mama Neema anisindikize. Aliitia kwenye mfuko mkubwa wa plastiki na kuubeba kama mtu aliyebeba kitu kinachonuka. Tulipobadilisha treni katikati ya mji, mfuko ulichanika kwenye ngazi. Watu walikuwa wanatupita kwa haraka kila upande. Alisimama akiitazama ile ngao iliyolala kwenye ngazi, halafu akaniuliza inabebwaje. Nikamwonyesha. Akapitisha mkono kwenye pete, akashika kamba, akainuka.

Ile treni ya Flemingsberg ilikuwa imejaa wanafunzi na wauguzi wa zamu. Tulisimama karibu na mlango, mimi kushoto kwake, mkono ulioumia nimeukumbatia kifuani. Waswidi, mnawajua, waliangalia simu zao kama vile mama wa Kikongo mwenye ngao ya shaba ni kitu cha kila siku. Kwenye kituo kimoja kundi kubwa likaingia likisukumana, na mimi nikajikunja kama nilivyozoea miezi ile, nikiogopa kugongwa mkono. Sikugongwa. Wale watu waliishia kwenye shaba. Mama Neema hakuwa amefanya kitu, alikuwa amesimama tu. Alitazama ngao, akatazama jinsi nusu yake ilivyonifunika.

"Kumbe upande huu si wangu," akasema. "Ni wako."

Nikamwambia ndiyo, ilitengenezwa hivyo. Tuliposhuka nilitaka kumsaidia, akakataa, akatembea nayo mkononi hadi ndani ya hospitali, na mlinzi alipouliza ni nini, alimjibu kwa Kiswidi kwamba ni ya mume wake, ni ya kazi.

Zuhura aliizungusha, akaigonga, akaivaa mwenyewe. Kisha akaniambia niivae. Nilisita. Tangu ajali, mkono ule haukuwa umebeba kitu chochote. Mama Neema alinishikia ngao, nikapitisha mkono kwenye pete hadi chini ya kiwiko, nikagusa ile kamba kwa vidole vyangu visivyokaza, na nikainua. Ngao ikapanda. Ikakaa begani. Nilisimama pale katikati ya chumba nikiwa nimebeba uzito kwa mkono wa kushoto, na hapakuwa na kitu cha kutetemeka isipokuwa midomo yangu.

Zuhura aliuliza kama inauma. Haikuuma. Alizunguka akanitazama kutoka nyuma, akakibonyeza kigasha.

"Baba, vidole tuviache vipone kwa wakati wake," akasema. "Kazi tuianzie hapa." Akagusa pale chini ya kiwiko.

Fikirini jinsi nilivyojisikia. Miaka yote hiyo niliwaeleza watoto wa shule kwamba mshiko si lazima uwe wa kiganja, na nilipopoteza kiganja sikukumbuka maneno yangu mwenyewe. Ilibidi nikumbushwe na binti ambaye hajawahi kuchonga hata kijiko.

Tulianza kutengeneza kifaa. Ni pete ya ngozi ngumu inayokaa juu ya kigasha, na chini yake kipande chembamba cha mbao kinachopita hadi kwenye kiganja, na mwisho wake kuna tundu linaloingia kwenye kirungu cha randa. Cha kwanza nilikipima kwa macho, mimi niliyewakataza wengine. Pete ilikaa karibu mno na kifundo cha mkono, nikarudi Flemingsberg nimevimba, Zuhura akanikemea kwa heshima zote. Cha pili kilibana, nikahitaji mke na jirani kunivua. Cha tatu Gunvor alishona ngozi, mimi nikachonga mbao nimeibana kwenye jiliwa na kushika patasi kwa mkono mmoja, na Zuhura akachora kwa kalamu kwenye ngozi yangu mahali ambapo pete isipite. Watu watatu, na Kiswidi na Kiswahili juu ya meza moja. Gunvor alijifunza neno kiwiko. Alilipenda, akawa analitumia hata pasipohitajika.

Siku ya kukijaribu nilifunga ubao wa asp kwenye meza, nikaingiza kirungu kwenye tundu, nikasukuma. Randa iliruka. Nikarudisha kisu chake ndani kidogo, nikasukuma tena. Ikauma ubao, ikatambaa, na takataka ikajiviringa ikashuka. Ilikuwa nene na imechanika pembeni. Miaka ya nyuma ningeificha. Gunvor aliiokota akaiangalia, akaniambia ni mbaya, na kwamba niendelee. Niliendelea. Kufikia wiki ya tatu zilikuwa zinapitisha mwanga.

Ndivyo ngao ya tatu na ya nne zilivyomalizika, na nitawaeleza hizo nazo, maana watu wengi hufikiri ngao ya pete na kamba ilikuwa mwisho wa safari. Ya tatu ni ya askari wa Makedonia. Hao walibeba mkuki mrefu sana, unaotaka mikono miwili. Kwa hiyo ngao ikawa ndogo, mkono wa kushoto unapita kwenye pete na bado kiganja kinabaki huru kushika mkuki, na uzito mwingine unabebwa na mkanda unaozunguka shingo na bega. Angalieni: mkanda wa begani ulikuwa umekwisha sahaulika kwa karne nyingi, wakaurudisha kwa sababu kazi iliuhitaji. Ya nne ni ndefu, ya umbo la yai, ina uti wa mbao katikati, na Wagiriki waliipata kwa watu wa kaskazini. Nyuma yake kuna nini? Kishikio kimoja, katikati. Kama mfuniko wa sufuria. Askari wa wakati ule walihitaji tena kusogea upesi, mbele na nyuma, bila kumtegemea sana wa pembeni, na kishikio cha katikati kikarudi kazini bila aibu yoyote.

Nilipokuwa nakaza kile kishikio cha nne nilimwambia Gunvor kwamba basi zile ngao zangu sita za mwanzo hazikuwa kosa, zilikuwa zimewahi tu karne kadhaa. Akasema hapana, zilikuwa kosa, kwa sababu ngao ilikuwa ya aina moja na mshiko wa aina nyingine. Hakuwa mtu wa kusamehe kirahisi pale kazini, na ndiyo sababu namshukuru.

Ngao nne zilikwenda makumbusho kwa siku iliyopangwa. Karakana haikufungwa. Gunvor alistaafu, nami nikaiongoza hadi mwaka huu. Mama Neema alianza kuja Sundbyberg siku za Ijumaa na maandazi, akajua majina ya wote, na wageni wa shule wakija yeye ndiye anayewapanga kwenye mstari, akiwasukuma wakaribiane.

Sasa na mimi nimestaafu. Mkono wangu umerudi kiasi, kikombe nashika, kitufe cha shati nafunga nikipewa muda. Zuhura alinipigia simu majira ya kuchipua akaniomba niwe ninafika kwake Alhamisi, kwa wagonjwa wanaotaka kurudi kwenye kazi za mikono. Wa kwanza alikuwa Achieng, Mkenya wa Kisumu, kinyozi hapa hapa Bredäng. Aliteleza kwenye barafu, akavunjika vibaya, na mkono wake wa kushoto haukuweza tena kushika kitana wakati wa kulia unakata. Alikuja amenuna kama nilivyonuna mimi. Aliniambia hataki kufundishwa kazi ya kukaa mapokezi. Nikamwambia mimi hiyo kazi siijui, siwezi kumfundisha. Tukapima mkono wake, kiwiko hadi vifundo. Kifaa chake cha kushikia kitana kilimkaa kwa jaribio la pili, kwa hiyo amenishinda.

Vijana wangu, mikono yenu itabadilika, na kazi zitabadilika, na mashine itakayokuja kwenu sijui itafananaje. Msione haya kuuliza kitu kinabebwa na sehemu gani ya mwili, wala kujaribu sehemu nyingine. Hilo tu ndilo ninaloweza kuwaapia kwamba ni kweli.

Jumapili iliyopita baadhi yenu mlinong'ona kwamba nywele za Papa Bahati zimekatwa upande upande. Ni kweli, nimejitazama kwenye kioo, juu ya sikio la kushoto kuna mahali pamekwenda juu kidogo. Nilikuwa mteja wa kwanza wa Achieng tangu arudi kwenye kiti chake. Alitaka kupasawazisha, nikamwambia apaache hivyo hivyo, nina ibada, na nataka watu wapaone.